Kimea cha Ndege

Siku mama wa mchumba wako anapokuja kukuona, hata sufuria zako mwenyewe hukugeuka. Ile uliyoisugua tangu alfajiri utaiona ina masizi, na kikombe ulichokipenda mwaka mzima utagundua kina ufa. Jentrix Amolo alikuwa ameosha sakafu ya chumba chake mara mbili, akakung'uta godoro, akabadilisha pazia, na bado alisimama katikati ya chumba akijiuliza ni kitu gani kimebaki cha kumwaibisha.

Hakujiuliza juu ya beseni lililokuwa kando ya jiko. Beseni lile halikuhusu wageni. Lilikuwa la ndege.

Ndege wenyewe walikuwa dirishani, ndani ya tundu la waya. Walikuwa kasuku wadogo wawili, dume la samawati na jike la kijani, kila mmoja akitosha kukaa kiganjani. Gitonga, mchumba wake, alikuwa amewapa majina, Bwana na Bibi, na kila alipokuja alianza kwa kuwaamkia wao kabla ya kumwamkia Jentrix, makusudi tu, ili amwone akinuna. Nyuma ya tundu kulikuwa na kisanduku cha mbao, na ndani ya kisanduku makinda watatu, wekundu, macho bado yamefumba, vichwa vikitetemeka kama vya wazee.

Gitonga aliwaleta ndege hao hapa Kimulot siku ya ukungu mzito, ule unaoshuka kutoka msitu wa Mau na kulala juu ya majani chai hadi adhuhuri.

"Kule mjini kuna kelele ya malori, hawatagi," alisema. "Huku kwako kumetulia. Halafu nitakuwa na sababu ya kuja."

"Kwani bila ndege hungekuja?" Jentrix aliuliza, akiangalia chini.

"Ningekuja. Lakini sasa hata nikikaa sana, nitasema ni ndege walinichelewesha."

Alicheka, na Jentrix naye akacheka, kwa sababu msichana anayependa huona utamu hata mahali pa kuonea mashaka.

Ni Gitonga aliyemfundisha kuotesha mbegu. Alikuja na mfuko wa mchanganyiko kutoka duka la nafaka la mama yake: wimbi, mtama, uwele na alizeti nyembamba. "Makinda wakitoka, ukiwapa mbegu kavu ni kama kumpa mtoto mchanga githeri, mahindi na maharagwe mazima," alimwambia. "Lazima ilainike. Unailoweka ilale, asubuhi unaosha, unaiacha kwa chupa, unaosha tena, mpaka itoe mkia mweupe. Ikinuka uchachu, mwaga." Kisha alitumbukiza mkono wake ndani ya beseni kumwonyesha jinsi ya kukoroga, na akauchukua mkono wa Jentrix akauweka pale pale, ndani ya maji, kati ya mbegu. Vidole vyao vilikutana chini ya wimbi. Hakuna aliyekuwa akikoroga tena. Jentrix alikuwa amechuma chai tangu akiwa na miaka kumi na minne, vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu na vimepasuka, na kabla ya siku ile hakuwahi kujua kwamba mkono unaweza kuona haya wenyewe, peke yake, uso ukiwa umetulia.

Lakini baridi ya Kimulot haina adabu. Mbegu za kwenye chupa ziliota ukungu. Za pili zikaoza. Makinda walikuwa karibu kutoka, na Jentrix hakulala kwa wasiwasi. Mwishowe alifanya jambo aliloliona kwao tangu utotoni: alizitandaza mbegu ndani ya beseni, akazifunika kwa gunia lililoloweshwa maji ya vuguvugu, akaziweka kando ya jiko. Zikaota vizuri ajabu, mikia mieupe imesimama kama sindano.

Kwao, mbegu hazikuoteshwa kwa ajili ya ndege. Mama yake, Apiyo, alikuwa akipika busaa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai karibu na Kericho. Wimbi lililoota chini ya gunia lilikaushwa, likasagwa, likawa kimea, na kimea kikawa pombe, na pombe ikawaleta wanaume waliokojoa ukutani na polisi waliopiga mlango teke. Siku Apiyo alipofungwa, Jentrix alikuwa darasa la sita. Hakurudi shule. Apiyo alipotoka aliachana na pombe, akarudi kwao ziwani, lakini jina halikurudi naye. Jina lilibaki huku kwenye chai, likimfuata binti yake kutoka shamba hadi shamba.

Yote hayo Gitonga aliyajua. Jentrix alimwambia mwenyewe, akilia, na Gitonga akamfuta machozi kwa mkono wa shati lake. Na alipompigia simu kumweleza kwamba ameotesha mbegu kwa njia ya mama yake, Gitonga alicheka mpaka akakohoa.

"Fanya hiyo hiyo ya mama yako! Aki wewe ni fundi, Jenty."

Na jana, Gitonga alipompigia kumwambia kwamba mama yake atakuja leo Jumapili baada ya kanisa, alisema neno ambalo Jentrix alilala nalo kama blanketi.

"Mama ana mdomo, usishtuke. Yeye akikukubali, mwezi ujao tunaenda kwenu kubisha mlango. Akisema lolote baya, wewe nyamaza. Mimi nitakusemea."

*

Walifika kwa pikapu. Mama Bilhah, mama yake Gitonga, alishuka akiwa na kofia yake ya kanisa na koti la rangi ya damu ya mzee, mwanamke mpana, mwenye macho madogo ya mtu aliyezoea kutazama mizani. Gitonga alikuwa nyuma yake, ameshika mfuko wa mkate na sukari. Jentrix alimtafuta macho. Gitonga alimtazama mara moja, akatabasamu kidogo, kisha akaanza kuangalia matairi.

Nyaberi, mwenye ploti, alikuwa amekuja na viti viwili vya wageni, na kama mtu anayeleta kiti asivyoweza kuondoka bila kuona nani atakikalia, alibaki mlangoni. Wapangaji wengine wawili nao walikumbuka ghafla kwamba wana nguo za kuanika karibu na hapo.

"Karibu, Mama," Jentrix alisema.

"Ongea, sijasikia."

"Karibu, Mama."

"Asante. Kwani wewe sauti yako imekatwa?" Mama Bilhah aliketi, kiti kikalia. Alitazama ukuta, kitanda, pazia, tundu la ndege. "Hawa ndege ni wa nani?"

"Ni wangu, Mama," Gitonga alisema haraka. "Ananisaidia tu kuwaangalia."

Ananisaidia tu. Jentrix aliyasikia maneno hayo, akayaweka kando. Mtu hutamka ovyo mbele ya mama yake, alijiambia.

Chai ilimiminwa. Mama Bilhah aliinusa kabla ya kunywa. "Chai si mbaya," alisema. "Mtu wa huku akishindwa na chai basi arudi kwao. Kwenu ni wapi?"

"Ni Homa Bay, Mama. Lakini nimezaliwa Kericho, kwa shamba."

"Na mama yako alikuwa anafanya nini hapo kwa shamba?"

Jentrix alimtazama Gitonga. Gitonga alikuwa akipuliza chai ambayo ilikuwa imeshapoa.

"Mwanangu aliniambia alikuwa anauza mboga," Mama Bilhah aliendelea. "Mimi sikatai. Lakini mimi pia niko na masikio. Wateja wangu wanatoka kila shamba. Nikauliza, mnamjua Apiyo wa mboga? Wakacheka, mami. Wakacheka mpaka mmoja akaketi kwa gunia."

Mlangoni, Nyaberi alihamisha uzito wake kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

"Alikuwa anapika busaa," Jentrix alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilitoka. "Aliacha, Mama. Siku nyingi. Mimi sijawahi kupika, hata siku moja."

"Hata siku moja."

"Hata siku moja, Mama."

"Sawa." Mama Bilhah aliweka kikombe chini. Akainuka, akavuta hewa kwa pua kama anayetafuta gesi inakovuja. Alipita kitandani, akapita jiko, akasimama. Kwa ncha ya kiatu chake cha kanisa aliinua gunia.

Mbegu zilikuwa pale, nyeupe na unyevu, zimesukana mizizi.

"Ngai wangu," alisema taratibu. Kisha akapaza sauti, sauti ya mtu anayeita mpagazi kutoka ng'ambo ya barabara. "Hii ni nini? Nyinyi hapo nje, njooni muone! Si mimi nimeambiwa hajawahi?"

"Ni chakula ya ndege, Mama!"

"Chakula ya nini?"

"Ya ndege. Hao. Wako na makinda. Makinda hawawezi mbegu kavu, ni lazima iote kwanza, iwe laini..."

Mmoja wa wapangaji alicheka, akajifunika mdomo kwa kanga. Nyaberi hakucheka. Alikuwa amekunja uso.

"Jentrix," Nyaberi alisema, "ndiyo maana maji yako huwa unamwaga huko nyuma ya choo?"

"Ni ya kuosha mbegu, mama. Sikutaka kuchafua hapa mbele."

"Unaosha kimea kwa ploti yangu?"

"Si kimea!"

"Mimi nauza nafaka kabla huyu hajazaliwa," Mama Bilhah aliwaambia wale mlangoni, kana kwamba Jentrix hayupo. "Ndege anakula mbegu. Anayengoja mbegu iote ndiyo atie kinywani ni mlevi. Hebu angalieni. Gunia ndiyo hii. Jiko ndiyo hii. Kitu gani inakosa? Pipa? Tutafute chini ya kitanda?"

Nyaberi akainama kweli, akatazama chini ya kitanda.

Jentrix alihisi joto likimpanda shingoni, mashavuni, machoni. Lakini hakuogopa bado. Kulikuwa na mtu mmoja chumbani aliyejua. Mtu huyo alinunua ndege, akaleta mbegu, akaushika mkono wa Jentrix ndani ya maji. Alimgeukia.

"Gitonga," alisema. "Waambie."

Chumba kizima kilimgeukia. Mama Bilhah naye aligeuka, polepole, mikono kiunoni, na akamtazama mwanawe kwa utulivu wa ajabu. Hakuwa akipiga kelele tena.

"Ndiyo, baba," alimwambia. "Sema. Wewe ndiye ulimfundisha hii?"

Gitonga alimtazama mama yake. Akatazama beseni. Kisha akamtazama Jentrix, na Jentrix, aliyekuwa amejifunza uso ule kama mtu anavyojifunza njia ya kwao, alisubiri kuona hofu. Hofu angeisamehe. Hofu aliijua, aliishi nayo tangu utotoni.

Hakuona hofu. Aliona mabega ya Gitonga yakishuka, kama ya mtu aliyebeba gunia kilima kizima akaambiwa liweke hapo.

"Mimi nilimwambia awape mbegu kavu," Gitonga alisema. "Hii mambo ya gunia sijui. Labda ni vile walikuwa wanafanya kwao."

Dume la samawati lilipiga mbawa mara moja ndani ya tundu, likatulia.

"Umesikia?" Mama Bilhah alisema. Lakini hakumwambia Jentrix. Alikuwa bado anamtazama mwanawe, na kwa muda kidogo midomo yake ilibana kama ya mtu aliyeuma ndimu. Kisha aliinama, akaliinua beseni kwa mikono yake miwili, akatoka nalo nje na kulimwaga uani. Kuku wa Nyaberi walikuja mbio. Walidonoa, wakapigana, wakakanyagana, na wapangaji wakacheka kuona kuku wakigombania pombe ambayo haijapikwa.

"Leo watataga mayai yakiimba!" alisema yule wa kanga.

Mama Bilhah alipangusa mikono kwenye koti lake la kanisa, akaenda kuketi ndani ya pikapu.

*

Gitonga alibaki nyuma. Aliusukuma mlango ukafungika nusu.

"Jenty."

Jentrix alikuwa akikusanya vikombe. Kimoja kilikuwa bado kimejaa. Mama Bilhah alikuwa amekunywa mafunda mawili tu.

"Jenty, niangalie."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulitaka nigombane na mama juu ya chakula ya ndege?"

"Haikuwa juu ya ndege, Gitonga. Ilikuwa juu yangu. Mimi ndiye nilikuwa naitwa mpika pombe, si ndege."

"Wewe humjui yule mama. Ningesema ukweli leo, kesho angepata kitu ingine. Kabila. Shule. Huwezi kushinda." Alimkaribia, akashusha sauti, ile sauti ya chini ambayo Jentrix aliizoea kwenye simu, iliyokuwa ikimfanya aende kusimama nje kwenye baridi ili asisikike akicheka. "Sikiliza. Pengine ni afadhali hivi. Hii mambo ya kuoana iko na kelele mingi, watu wazee, safari za Homa Bay, kila mtu na maoni yake. Sisi tulikuwa sawa hata kabla. Si tulikuwa sawa?"

Jentrix alivipanga vikombe kimoja ndani ya kingine.

"Nitakuwa nakuja tu. Kama zamani. Mama hafiki huku mara mbili. Ndege wabaki hapa kwako, hivyo nikiulizwa nasema naenda kuona ndege wangu." Alinyoosha mkono, akamgusa shavu kwa kidole gumba. "Nani atajua?"

Kidole kilikuwa cha joto. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote. Alitaka kiwe baridi, kiwe kigumu, kiwe cha mtu mwingine, lakini kilikuwa kile kile, na shavu lake, jinga, likataka kukiegemea. Alisimama hivyo kwa pumzi moja. Kwa pumzi hiyo moja alijiona miaka inayokuja: akifagia chumba kila akisikia gari, akijifunza kucheka taratibu, akizeeka nyuma ya pazia pamoja na Bwana na Bibi, mwanamke anayetembelewa kwa kisingizio cha ndege.

Alikitoa kidole shavuni mwake kama mtu anavyotoa kupe.

"Unaenda wapi? Jenty. Wacha! Usiende huko, utaharibu!"

Alipita uani katikati ya kuku na macho ya watu, akafika kwenye pikapu. Kioo kilikuwa kimeteremshwa. Mama Bilhah alikuwa amekaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, akitazama mbele kwenye mashamba ya chai.

"Mama," Jentrix alisema. Na alipoona mama yule hageuki, akasema kwa nguvu. "Mama! Mwanao amesema sitaolewa, lakini atakuwa anakuja kwangu kwa siri. Amesema atakudanganya anakuja kuona ndege."

"Najua," Mama Bilhah alisema.

"Unajua?"

"Kwani unafikiri nilikuwa nangoja nini hapa? Nilijua atabaki kukuambia hiyo." Alifungua mkoba, akatoa leso, akapangusa tone la maji ya mbegu kwenye kiatu chake. "Na ile si kimea. Hiyo pia najua."

Jentrix alishika mlango wa gari.

"Niliona alizeti," Mama Bilhah alisema. "Nani anapika busaa na alizeti? Huyo mlevi atakunywa maganda? Ule mchanganyiko ulitoka kwa duka yangu, nilipima kwa mkono yangu. Mimi nauzia wapika pombe wimbi, nauzia na wazee wa kanisa, na wote wananiita mama. Kimea naijua nikiwa nimefunga macho."

"Kwa nini basi?" Sauti ya Jentrix ilikatika. "Mimi nilikukosea nini?"

"Wewe? Hakuna. Sikuja kukuangalia wewe." Sasa aligeuka. Macho yale madogo hayakuwa na huruma, lakini hayakuwa na uongo pia. "Nilikuja kumwangalia yeye. Marehemu baba yake, Johnson, siku mama yake aliniita mchawi mbele ya wageni, alikuwa amesimama na kikombe, anapuliza chai. Vile umeona leo. Nikasema moyoni, atabadilika. Hakubadilika, alikufa bado anapuliza. Nilitaka nione kama mtoto ni damu ya nani."

"Na kama angenitetea?"

"Ningenuna mwezi mzima, halafu ningekuja kwenu na mbuzi."

Jentrix alifumba macho.

"Usinishukuru," Mama Bilhah alisema. "Sikukufanyia wema. Ungeingia kwangu, mimi mwenyewe ningekutafuna mbichi, kila siku, kwa sababu najijua. Na yeye angekuwa hapo mezani anaangalia. Bibi ambaye bwana yake hawezi kufungua mdomo, hata paka ya nyumba inamdharau."

Wapangaji walikuwa wamesogea mpaka karibu na ua wa miti, wakijifanya wanaangalia kuku. Nyaberi alikuwa mbele yao, mikono kifuani. Jentrix aliwatazama, kisha akamrudia yule mama.

"Basi waambie," alisema. "Maneno uliyaita kwa nguvu. Yaite tena. Waambie si kimea, halafu uende. Siombi kitu ingine."

Mama Bilhah aliwatazama wale wanawake mmoja mmoja. Akamtazama mwanawe, aliyekuwa amesimama katikati ya ua, hajui aende mbele au arudi nyuma.

"Nikisema hiyo," alisema mwishowe, "Gitonga ni mwongo mbele ya watu."

"Ni mwongo."

"Ni mwongo, ndiyo. Lakini ni wangu." Alifunga mkoba. "Wewe utapata jina lingine mahali pengine, uko kijana. Gitonga! Ingia gari!"

Gitonga alikuja. Alimzunguka Jentrix kwa mbali, kama mtu anavyolizunguka dimbwi akiwa na viatu vipya, akafungua mlango wa dereva.

"Nitamtuma mtu achukue tundu," alisema, macho kwenye usukani.

"Kuna baridi na makinda hawana manyoya," Jentrix alisema. "Wakibebwa kwa gari leo, watakufa."

"Basi nitakuja mwenyewe, siku..."

"Hutakuja. Hao ndege ni wangu kuanzia sasa. Mama yako anasikia." Aliinama akamtazama Mama Bilhah dirishani. "Si ni wangu, Mama?"

"Ni wako," Mama Bilhah alisema bila kugeuka. "Sitaki kuona hata unyoya."

Gitonga alifungua mdomo. Jentrix alisubiri, kwa sababu mwili una mazoea yake, na hata sasa kitu fulani ndani yake kilisimama wima kikisubiri aseme lolote: hapana, nisamehe, nilikosea. Gitonga aliufunga mdomo. Akawasha gari.

Pikapu iliteremka kati ya mashamba ya chai, ikapotea kwenye kona, ikaonekana tena mbali chini, ndogo, kisha ukungu ukaifunika. Jentrix aliitazama hadi mwisho. Asiseme mtu kwamba alikuwa shujaa. Kama gari lile lingesimama, kama lingerudi nyuma hata hatua chache, angekimbia kulipokea. Halikusimama.

Alipogeuka, Nyaberi alikuwa pale pale.

"Mimi sina ugomvi na wewe," Nyaberi alisema. "Umelipa vizuri, huna makelele. Lakini polisi wakiingia kwa ploti hawaulizi mlango ya nani. Mwezi ukiisha, uhame."

"Nimekuambia ni ya ndege, mama."

"Yule kijana mwenyewe amekukana, Jentrix. Mwenye ndege. Sasa mimi nimwamini nani?"

Jentrix aliingia ndani. Makinda walikuwa wakilia ndani ya kisanduku, sauti nyembamba za njaa, na Bibi alikuwa akizunguka tundu akichungulia kibakuli kitupu. Kwenye kona kulikuwa na mbegu alizoziloweka jana, zilizokuwa zimeanza tu kupasuka, vinundu vyeupe visivyofika hata kuwa mikia. Zilikuwa laini vya kutosha. Zilitaka kuoshwa.

Alizichukua pamoja na chujio. Hakwenda nyuma ya choo. Alikwenda kwenye mfereji wa mbele, pale ambapo wapangaji wote wawili walikuwa wamepanga ndoo zao.

"Tuwekee kikombe, dada!" alisema yule wa kanga, na mwenzake akacheka.

"Sogeza ndoo," Jentrix alisema.

Hakupaza sauti, lakini yule wa kanga aliisogeza ndoo. Jentrix akapiga magoti kwenye saruji, akafungua maji. Yalikuwa baridi ya kukata mifupa. Alizikoroga mbegu, akazigeuza, akachagua zilizooza, akaosha tena, watu wote wakimwangalia, Nyaberi mlangoni, kuku miguuni wakisubiri. Machozi yalikuja wakati huo, mengi, yakashuka hadi kidevuni yakadondokea kwenye chujio. Hakuyafuta. Mikono yote miwili ilikuwa na kazi.